Ulimi wa Mama Mkwe na Biskuti za Idi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, kwanza naikumbuka kwa baridi yake. Ilikuwa Julai ya mwaka elfu mbili na kumi na tano, Ramadhani inaelekea ukingoni, na hapa Turffontein maji ya bomba yalikuwa yanakata vidole. Vuta kiti ukae. Najua una mambo ya kufanya. Wewe siku zote una mambo ya kufanya, ndiyo maana nataka ukae.

Nilikuwa kijana wakati ule. Cheka tu. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, lakini magoti yangu yalikuwa yanapanda ngazi bila kunung'unika, na mtu mwenye magoti namna hiyo mimi namwita kijana. Marehemu mume wangu, baba mkwe wako ambaye hukumkuta, alinioa kwetu Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa. Wenzake waliporuhusiwa kurudi kwao, akarudi na mimi. Akafa, akaniachia nyumba hii, akaniachia Themba wako akiwa bado anasoma, akaniachia na mama yake mzazi.

Watu walikuwa wananiuliza, wewe mwanamke, mume keshakufa, unakaaje na mama mkwe? Alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Nilimwita Mama, na yeye aliniita makoti, yaani bibi harusi kwa Kizulu chao, mpaka mvi zikanitoka bado ni bibi harusi tu.

Mama alikuwa Mkristo wa kanzu nyeupe, Jumapili hakosi kanisani. Mimi ni Mwislamu, unanijua. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo hata siku moja. Tuligombana juu ya chumvi, juu ya madirisha, juu ya redio yake, lakini dini kila mtu na yake. Na kila Ramadhani ikifika alikuwa na kazi moja ya kunifanyia, nayo ilikuwa kunionjea.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe hujawahi kufunga. Idi ikikaribia, wanawake wa Mayfair, kule ninakokwenda kuswali, wanaoka biskuti na kupelekeana sahani. Huyu anampa yule, yule anampa mwingine, na asubuhi ya Idi meza ya kila nyumba ina biskuti za watu kumi. Mama mmoja wa huko ndiye aliyenifundisha hizi zangu za matunda na lozi. Siagi unaipiga na sukari mpaka iwe nyeupe, unatia yai, unga na beking pauda kidogo, zabibu kavu, aprikoti umezikatakata ndogondogo, lozi na njugu za pekani umezikaanga kidogo zikatoa harufu. Unaviringisha donge lako kama gogo, unaliacha kwenye friji likazane, kisha unakata vipande na kuvitia ovenini. Zikishapoa, unayeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya maji ya moto, unachovya uma, unazipitishia michirizi. Zikitoka vizuri hutaki hata kuzila, unataka kuzitazama.

Lakini unazioka umefunga! Hapo ndipo kwenye kazi. Wapo wanaoweka kidogo kwenye ncha ya ulimi kisha wakatema, na masheikh wanasema kama kuna haja hakuna ubaya. Mimi siwezi. Nikiwa na njaa ile, ulimi wangu siuamini kwamba ukishapewa utarudisha. Kwa hiyo biskuti ya kwanza ya kila trei nilikuwa nampelekea Mama pale alipokaa karibu na hita, blanketi magotini. Anatafuna polepole, amefumba macho, halafu anatoa hukumu kwa Kiswahili, maneno mawili niliyomfundisha mwenyewe. Ama "Tamu," ama "Bado."

Usidhani alikuwa ananipendelea. Mwaka mmoja nilichanganya siagi na majarini, basi akaniambia "Bado" kwa trei zote, na sikumwambia nimefanya nini. Alijua tu. Wanawake wa Mayfair walikuwa wananisifu, na mimi nawaambia jamani, sifa hizi ni za bibi mmoja Mzulu ambaye msikiti wenu hajawahi kuuona.

Sasa mwaka ule kulikuwa na jambo. Wifi yangu Thandeka, binti yake Mama, anaishi Pretoria. Mwanzoni mwa mfungo alinipigia simu, na mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikaiweka ile simu isikike chumba kizima. Akasema, "Wifi, umechoka, nakusikia kwenye sauti. Na Mama sasa ni mzee sana. Kuna nyumba ya kutunzia wazee huku, nimeshaitazama, ni safi. Siku ya Idi nitakuja nimwone. Nikiona hajiwezi, naondoka naye."

Mama alikuwa amekaa pale pale, akayasikia yote. Hofu yake niliijua. Rafiki yake wa kanisani alipelekwa kwenye nyumba ya namna hiyo, na Mama alipokwenda kumtazama alimkuta amekalishwa na wenzake mbele ya televisheni, hakuna anayejua anaitwa nani. Alirudi akaniambia, "Makoti, mimi nifie kwenye kitanda changu. Nimekuomba hilo tu." Nilimwahidi.

Nikuambie na upande wangu, maana nisipokuambia nitakuwa nakudanganya. Nilitaka Mama abaki. Na nilitaka kulala. Yote mawili niliyataka kwa nguvu moja. Themba alikuwa chuoni mbali, na mimi nilikuwa nashona kwenye duka moja mjini, karibu na Joubert Park, cherehani kutwa. Naamka kula daku, napika uji wa Mama na chakula chake cha mchana, naviacha jikoni vimefunikwa, nakwenda kazini, narudi kupika futari, nafua, napiga pasi. Na umeme mwaka ule walikuwa wanakata kwa zamu, eish, unaweka trei ovenini na taa zinazima. Nilikuwa nimechoka hoi, lakini mtu akiniuliza hali, jibu langu lilikuwa "niko salama". Hata Mama aliniuliza kila jioni nikirudi, "Hujambo, makoti?" Nami nasema niko salama, Mama, huku navua viatu bila kumtazama.

Kuna adabu moja ya mfungo ambayo ilituponza. Ukiwa umefunga na mwenzio anakula, humtazami. Unampa mgongo, unatafuta kazi ya kufanya, asijisikie vibaya. Mimi siku za mapumziko nikiwa nyumbani mchana, Mama akiketi na sahani yake mimi natoka uani. Nikirudi, sahani tupu, imeoshwa, na jioni ananiambia ameshashiba. Nilikuwa nashukuru Mungu kwamba bibi anakula vizuri.

Basi, siku yenyewe. Niliomba ruhusa dukani, maana kesho yake ilitarajiwa kuwa Idi. Tulitangaziwa umeme utakatwa mchana, nikawa naoka mbiombio ili niuwahi. Nilikuwa na chupa mbili zinazofanana, zote zina unga mweupe, karatasi za nje zimebanduka. Moja ni beking pauda, nyingine ni bikabu, ile magadi ya kuokea. Kwa haraka yangu na usingizi wangu nikachota kijiko baada ya kijiko kwenye chupa ambayo siyo.

Na unajua bikabu ikizidi inafanya nini? Inazipa biskuti rangi. Zilitoka ovenini na wekundu wa kahawia ambao sijawahi kuupata maishani, zimefutuka, zabibu zinang'aa. Nikampelekea Mama ya kwanza. Akatafuna, akafumba macho. "Tamu." Trei ya pili, "Tamu." Trei ya tatu akaniambia, "Tamu kabisa, makoti," na akanishika mkono. Nilifurahi kama mtoto. Nikayeyusha chokoleti, nikachora michirizi yangu taratibu, nikapanga sahani mezani na kuzifunika vitambaa safi. Nikajiambia, angalau kitu kimoja mwaka huu nimekiweza.

Jua la baridi linazama mapema. Magharibi ilipoingia nilikunywa maji, nikala tende, halafu nikachukua biskuti moja, ile iliyopendeza kuliko zote. Nikauma.

Mwanangu, ilikuwa sabuni! Mwanzo chokoleti ilinidanganya, halafu ikaja ladha ile, chungu, inakwangua ulimi, kama mtu kakusugua kinywa na kipande cha sabuni ya kufulia. Nikatema kwenye sinki. Nikauma nyingine ya trei nyingine, sabuni. Nikakimbilia zile chupa, nikaonja kwa kidole, nikajua nilichofanya. Kosa lenyewe dogo, mtu yeyote anaweza. Lakini Mama je? Mtu aliyejua majarini kwa kutafuna mara moja, amemezaje vipande vitatu vya sabuni na kuniambia tamu kabisa?

Nikaenda kwake na sahani.

"Mama, hizi ulizionja?"

"Nimezionja."

"Onja tena."

Akachukua. Akatafuna polepole, akameza. "Tamu," akasema, lakini sasa alikuwa ananitazama usoni, anatafuta jibu kwangu. Hakulipata. Uso ukamshuka.

Nilimpigia kelele. Sijivunii, lakini njaa ya siku nzima, uchovu, na sahani zile zimepangwa pale zinanicheka. "Unanidanganya, Mama! Kutwa nimesimama! Kesho ningewapelekea watu sabuni!"

Nilipomaliza akasema, bila hasira, kwamba ladha ilimtoka tangu kabla ya mfungo. Kila kitu kinywani ni karatasi. Na akila, tumbo linamuuma, kwa hiyo hali kitu. Chakula ninachomwachia anampa mbwa wa jirani kwenye uwazi wa ukuta, kisha anaosha sahani.

Nikamshika mkono ndipo nikaona. Mkono ulikuwa mfupa na ngozi. Nikafunua blanketi. Gauni lake lilikuwa limebanwa kwa pini upande wa ndani, pini nyingi, lisimpwaye. Amejibana hivyo kila asubuhi peke yake chumbani, na mimi ng'ambo ya ukuta napiga pasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Thandeka anakuja." Akavuta blanketi akajifunika. "Mimi sipiki tena, sifui, siwezi kufagia. Kazi niliyobaki nayo humu ndani ni kuonja. Nikiwaambia ulimi nao umekufa, mtaniweka wapi?"

Nikakaa sakafuni mbele ya hita. Na sijui ilitoka wapi, nikaanza kulia, nikasema, "Mama, mimi nimechoka. Nimechoka, nimechoka, siwezi tena." Miaka yote ile sikuwahi kuyatamka maneno hayo mbele yake, wala mbele ya mtu. Nilidhani atanihurumia, atanipapasa kichwa.

Thubutu! Alinikaripia kama mtoto mdogo.

"Ndiyo unaniambia leo? Kila jioni nakuuliza hujambo, unanijibu niko salama, na mimi nakuona unavyoburuta miguu. Mwaka mzima umenijibu hivyo. Mimi nikadhani hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kujibu humu ndani. Nilijifunza kwako, makoti. Umechoka unaficha, mimi naumwa naficha, tumekaa hapa kila mtu anamdanganya mwenzie kwa adabu. Wewe ulitaka nani aanze kusema, hita?"

Nilicheka huku nalia. Naye akacheka, halafu akashika tumbo kwa maumivu, na mara hii hakuyaficha. Nilimpikia uji mwepesi, nikakaa karibu naye nikamtazama anavyokunywa, kijiko kwa kijiko. Alikunywa kidogo tu. Zile biskuti nikazimwaga kwenye pipa, sahani baada ya sahani, na sikuwa na nguvu hata ya kusikitika.

Asubuhi ya Idi nilikwenda Mayfair mikono mitupu, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa naona haya njia nzima. Wanawake wakaniuliza biskuti ziko wapi, nikawaambia zimeharibika na mimi nimechoka. Mmoja akanijazia mfuko wa za kwake, akasema nenda ukalale, na hakuna lililotokea zaidi ya hapo.

Thandeka alifika mchana. Hajakaa vizuri, mkoba bado begani, Mama akamwambia, "Mimi naumwa, na huyu amechoka. Sasa sema na wewe ya kwako." Wifi yangu, mwanamke mkavu yule, ofisi nzima inamwogopa, alisimama katikati ya sebule akabubujikwa na machozi. Akasema kila akipiga simu anaambiwa wote wazima, na hakuna anachokiamini, na kitu pekee alichoweza kufikiri ni ile nyumba ya wazee, angalau huko angeambiwa ukweli na watu wanaolipwa kuusema.

Tulimpeleka Mama hospitali siku hiyo hiyo. Vipimo vilipotoka, daktari alituambia ugonjwa ulikuwa tumboni na umeshasambaa. Akasema mngekuja miezi michache nyuma, tungekuwa na mengi ya kujaribu. Hakusema kwa kulaumu. Sote watatu tulisikia, na Mama ndiye aliyeitikia kwa kichwa akasema, "Sawa, mwanangu."

Ahadi yangu niliitimiza, lakini sikuitimiza peke yangu. Thandeka alichukua likizo, akalala kwenye kochi pale sebuleni, siku zake za kumuogesha na siku zangu. Mambo ya kusema niko salama tuliyaacha. Mmoja akichoka anasema leo sikugusi, Mama, leo ni zamu ya mwanao, na Mama anasema sawa, nenda. Alikuwa anatuambia panapouma, na tukawa tunajua pa kuweka mto. Alifariki kabla ya mvua za kwanza, kwenye kitanda chake, binti yake upande huu na mimi upande huu. Ningependa kukuambia kwamba nina amani na jambo hili. Ninayo, lakini ile miezi michache ya daktari bado inaniuma nikiwa peke yangu jikoni.

Sasa unaniuliza kwa nini nakusimulia wewe, tena leo, umekaa ukingoni mwa kiti unataka kuondoka.

Juzi nilikuona. Ulikuwa umeegemea friji, umefumba macho, kijiko mkononi, mtoto mgongoni. Nikakuuliza, mwanangu, vipi? Ukafungua macho haraka, ukatabasamu, ukasema, "Sharp, Mama." Sharp, neno la vijana wa hapa la kusema niko salama! Umekuja hapa na Kiswahili chako cha Lubumbashi, tukafurahi mimi na wewe kwamba nyumba hii imepata mtu wa kuongea naye, maana Themba unamsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Halafu kwenye jambo la maana unaniambia sharp. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, nikamsikia yule bibi ananikaripia upya.

Nisikilize basi. Ukichoka, sema ungali na nguvu za kusema. Usingoje ukae sakafuni. Mwambie Themba, kwa Kiswahili, kwa Kizulu, kwa Kifaransa chako, lakini aambiwe, naye ana mikono miwili. Niambie na mimi. Ukiumwa, niambie pale panapouma, usiniambie habari za hali ya hewa. Na ukimwuliza mtu hali yake, simama, mtazame, jibu la kwanza usilichukue, hasa kwa mzee. Mzee anaogopa kuwa mzigo kuliko anavyoogopa kufa. Mwambie mapema kwamba mahali pake humu ndani hapatokani na kazi anayoifanya, mwambie hata kama unadhani anajua. Mimi sikumwambia Mama. Nilidhani anajua.

Na kwa kuwa nakufundisha, nianze mimi. Idi hii sioki. Najua umeshanunua lozi, najua umejiandaa kunionjea kama mwaka jana, na Themba ameshawaahidi wenzake kazini. Magoti yananiuma nikisimama, macho yamefifia, na nimechoka, mwanangu, nimechoka kweli. Nakuambia wewe wa kwanza. Tutanunua biskuti kwa Wasomali pale Mayfair, tutakaa wote wawili, tutakula za watu.

Mwenyezi Mungu akupe usingizi wa kutosha. Akupe watu wa kukuuliza hali mara ya pili, na akupe kinywa cha kuwajibu. Akulindie huyo mtoto, na akukalishe kwenye nyumba ambayo hutahitaji pini ndani ya gauni lako. Amina.

Haya, nimekuuliza juzi ukanijibu sharp. Nakuuliza tena. Hujambo, mwanangu?